Mwajirini Huyo Profesa

Mzazi mwenzangu wa Kilifi, nakuuliza na unijibu bila kupepesa macho: unamjua anayemfundisha mtoto wako anatomia?

Humjui. Karo unaijua. Namba ya kulipia umeihifadhi kichwani. Unajua ni mbuzi wangapi waliotoka zizini kule Ganze, na unajua ni minazi mingapi uliyoiweka rehani ili binti avae ile sare ya uuguzi. Lakini mtu anayesimama mbele ya binti huyo kumweleza jinsi moyo unavyosukuma damu, figo inachuja nini na neva ya mguu inapita wapi, huyo humjui jina wala kisomo. Hujui hata kama wiki hii alifika darasani.

Basi nitakwambia mimi. Katika vyuo vya uuguzi na utabibu ninavyovijua hapa Pwani, mara nyingi huyo ni mtu wa saa.

Mtu wa saa ni mwalimu anayelipwa kwa saa alizosimama darasani, na malipo yenyewe humfikia baada ya miezi, yakifika. Jumatatu yuko Kilifi, Jumanne Mtwapa, Jumatano Malindi. Hana ofisi, hana bima, hana uhakika wa muhula ujao. Anaingia, anasoma yanayomulikwa ukutani, anatoka mbio kuwahi matatu. Mwanafunzi aliyekwama amtafute wapi? Stejini?

Simlaumu yeye, maana naye ana watoto wa kulisha. Namlaumu anayemwajiri hivyo mwaka baada ya mwaka na kuita hiyo ni elimu. Na nakulaumu wewe unayelipa na huulizi.

Nenda kwenye vibanda vya fotokopi vilivyo karibu na vyuo. Mimi nimelishika mkononi bunda moja la noti za mwaka wa kwanza. Ukurasa wa figo ulikuwa umenakiliwa kutoka nakala ya nakala hadi mchoro ukageuka doa jeusi. Mishale ilibaki. Kila mshale una jina pembeni, na ncha yake inaingia gizani. Mwanafunzi anakariri jina na mshale. Figo yenyewe haioni. Mtihani ukija anajibu, anapasi, anahitimu, halafu anakuja wodini kukudunga sindano.

Unadhani haya ni mambo ya darasani tu? Amka, ndugu yangu.

Sindano hiyo ya kalio uliyoizoea ina mahali pake: robo ya juu, upande wa nje. Kwa nini hapo na si pengine? Kwa sababu ndani ya kalio inapita neva kubwa kuliko zote mwilini, inayoshuka kutoka kiunoni hadi unyayoni. Ukiichoma, mtoto aliyeletwa na homa anarudi nyumbani akiburuta mguu, na pengine atauburuta maisha yake yote. Kijijini watasema amerogwa. Mganga atalipwa kuku. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja aliyekariri mshale bila kuiona neva.

Mama amejifungua salama usiku, na damu haikomi. Mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze, maana misuli yake ndiyo inayobana mishipa ya damu mahali kondo lilipong'oka. Sasa kibofu kikijaa mkojo, kinausukuma mfuko huo kando na kuuzuia usijikaze. Muuguzi aliyefundishwa sawasawa anatoa mkojo, anasugua tumbo, anachoma dawa ya kukaza, yote kwa dakika chache. Asiyefundishwa anabadilisha pamba na kungoja daktari. Kungoja huko ndiko kunakotuzikia wake na dada.

Na nyoka je? Sisi si wageni wa nyoka. Watamu pale kuna kituo cha nyoka cha Bio-Ken, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, na watu wake wanajulikana mbali kwa habari za sumu na dawa zake. Kifutu akikuuma, mguu unavimba na nyama inaoza. Hata asiyesoma anaona kuna hatari. Koboko ni mambo mengine. Sumu yake inavuruga mawasiliano ya neva na msuli. Jeraha ni dogo, uvimbe huenda usiuone, mgonjwa anazungumza. Kisha kope zinalegea. Kisha ulimi unakuwa mzito. Kisha misuli ya kupumulia inakata tamaa, na mtu anakufa akili zikiwa timamu. Anayeijua fiziolojia akiona kope zimelegea anakimbilia kifaa cha kusaidia pumzi. Asiyeijua anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amechoka, apumzike.

Nitasema na Shakahola, ingawa najua wengi hawataki kulisikia jina hilo tena. Nitasema kwa sababu ilikuwa hapa petu, na kwa sababu tumeharakisha mno kuisahau.

Aprili 2023 makaburi ya waumini waliohubiriwa wafunge hadi kufa yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Miili ikapita 400. Mochari ya Malindi ikafurika, ikabidi kontena za baridi ziletwe. Mkuu wa wapasuaji maiti wa serikali, Dkt Johansen Oduor, akateremka kutoka Nairobi na kikosi chake. Upasuaji ukaonyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, watoto wakiwemo, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Maneno hayo yalitoka kwa watu waliojua kuusoma mwili. Bila wao tungebaki na uvumi.

Lakini wapo waliotolewa msituni wakiwa hai, ngozi na mifupa. Hapo ndipo mtu asiyejua angeweza kumaliza kazi iliyoanzwa na njaa. Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu hula akiba ya sukari, kisha mafuta, kisha misuli, na moyo nao ni msuli. Mtu huyo ukimhurumia ukamjazia sahani ya wali, sukari inapanda ghafla katika damu, kongosho linamwaga insulini, na insulini inavuta fosfeti, potasiamu na magnesi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Zikishuka mno katika damu, moyo unaweza kusimama. Huruma yako imemuua. Anayetakiwa kulijua hilo ni nani? Ni muuguzi wa zamu ya usiku. Ni mtoto wako yule mwenye bunda la noti nyeusi.

Sasa sikiliza kinachonitoa machozi ya hasira.

Hapa Kilifi kuna chuo kikuu. Tulikuwa na taasisi ya kilimo. Mwaka 2007 ikawa tawi shiriki la Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Januari 2013 Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake na kusimama chenyewe. Kina wanabiolojia. Hatua chache kutoka hapo, katika hospitali ya kaunti, kuna KEMRI-Wellcome, mpango wa utafiti ulioanza mwaka 1989. Watoto wa Kilifi walinyoosha mikono wakadungwa chanjo ya malaria ya RTS,S ilipokuwa bado ikijaribiwa, mpaka Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Wakanyoosha tena kwa ile ya R21. Sikoseli ya watoto wetu imechunguzwa hapa, na matokeo yamesomwa London na kwingineko. Kuna watafiti waliolelewa hapa hadi shahada ya uzamifu, na hilo ni jambo la kujivunia.

Dunia inakuja Kilifi kujifunza mwili wa binadamu. Mtoto wa Kilifi anajifunza mwili wa binadamu kwa doa la fotokopi. Penye miti hakuna wajenzi.

Ukiwauliza wakubwa wa vyuo kwa nini hawamchukui profesa wa biolojia akafundisha anatomia na fiziolojia, wanakuja na jibu lililochongwa: "Huyo si daktari. Amesomea wanyama."

Amesomea wanyama! Kana kwamba binadamu ni jiwe.

Twende polepole. Ngisi unamjua, unamnunua ufukweni Malindi akiwa bado anabadilika rangi. Mwaka 1936 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, J. Z. Young, aliwaonyesha wanasayansi wenzake kwamba ngisi ana nyuzi za neva nene mno, kubwa mara nyingi kuliko za binadamu, kiasi cha kuweza kupitishiwa vyombo vya kupima umeme. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakazitumia nyuzi hizo, na mwaka 1952 wakaeleza kwa hesabu jinsi ujumbe wa umeme unavyosafiri kwenye neva. Mwaka 1963 wakapewa Tuzo ya Nobel. Dawa ya ganzi anayokuchoma daktari wa meno inafanya kazi kwa kuuzuia ujumbe huo huo. Hatukuyajua hayo kwa kuchungulia ndani ya mgonjwa. Tuliyajua kwa ngisi.

Na huyo Young, bwana wa ngisi na pweza, aliishia wapi? Mwaka 1945 University College London ilimpa kiti cha uprofesa wa anatomia. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa kwanza asiye daktari kukalia kiti cha namna hiyo Uingereza. Akakaa hapo hadi 1974, akiwafundisha madaktari watarajiwa. Waingereza waliokuwa wametoka vitani, nchi imebomoka, waliweza kumwajiri mtu wa pweza kwa sababu alijua mwili hufanya kazi vipi na alijua kufundisha. Sisi tunashindwa na nini?

Au unataka mfano wa nyumbani? Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na Profesa Geoffrey Maloiy, bingwa wa fiziolojia ya wanyama. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kiluo na Kikuyu wanaobeba mizigo kwa kichwa na kwa kamba ya kipaji. Walipima pumzi zao wakitembea na mzigo. Wakakuta mwanamke aliyezoea anaweza kubeba hadi sehemu moja kwa tano ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Mtu wa wanyama ndiye aliyemtazama mama mwenye mtungi akaona swali la kisayansi pale ambapo sisi sote tunaona mama anateka maji. Mwalimu wa aina hiyo akiingia darasani Kilifi, binti wa Magarini aliyekua akibeba mtungi atauelewa mwili wake mwenyewe kabla hajaugusa wa mgonjwa.

Sisemi kila profesa anafaa. Wapo maprofesa waliozama miaka 30 katika jamii moja ya mwani, hawana habari na kitu kingine, na noti zao zimegeuka rangi ya chai. Hao wabaki na mwani wao. Mwenye kuomba kazi apimwe. Apewe darasa la wanafunzi wa mwaka wa kwanza na saa moja, aambiwe: tufundishe figo. Nyuma ya darasa aketi muuguzi mkuu wa wodi, mama aliyezalisha watoto wasiohesabika, na ndiye aseme kama kilichofundishwa kinafika kitandani kwa mgonjwa au kinaishia ubaoni. Cheo kisiingie kwenye mizani hiyo.

Na wanaonitajia mabaraza ya taaluma, nawasikia. Wauguzi wana baraza lao, madaktari wana baraza lao, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo imevutana nao kwa miaka juu ya nani aidhinishe nini. Masharti yao hayakutungwa kwa kuwakomoa watu; mwalimu wa uuguzi lazima aijue wodi. Sawa. Kwani kuna aliyemkataza profesa kufundisha bega kwa bega na mkufunzi wa uuguzi? Profesa afundishe jinsi pafu linavyopokea hewa. Mkufunzi awapeleke watoto wodini wakalisikilize pafu lililojaa maji. Mmoja bila mwingine ni nusu mwalimu. Leo mnatoa robo, na mnadai karo nzima.

Usije ukadanganywa pia kwamba wasomi hawapo. Mwaka 2014 Tume hiyo hiyo iliamuru kwamba kufikia Novemba 2018 mhadhiri wa chuo kikuu awe na shahada ya uzamifu. Vijana wakachukua mikopo, wakauza mashamba, wakasoma hadi macho yakaingia ndani. Leo wengi wao ni hao hao watu wa saa. Una daktari wa falsafa katika fiziolojia anayelipwa kama kibarua wa mjengo, na kibarua wa mjengo angalau analipwa jioni.

Wenye ajira za kudumu nao hali yao umeiona. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba, wakidai mabilioni ya makubaliano ya 2017 hadi 2021. Makubaliano yaliyokwisha kutiwa saini! Watoto walikaa nyumbani, wewe ukasema wahadhiri wana tamaa. Ulisema, usikatae.

Wanaponiambia pesa hakuna, nakumbuka mwaka 2018. Serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, ikawasambaza katika kaunti, ikawalipa na kuwapa nyumba. Walitibu watu, na aliyetibiwa nao ana haki ya kuwashukuru. Mwaka 2023 mpango ukafungwa, wakarudi kwao. Kiti cha profesa mmoja wa anatomia hapa Kilifi kingetufikisha wapi katika miaka hiyo mitano? Kila mwaka darasa jipya, kila darasa wodi mpya zenye macho. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi kila nyoka akitokea tunaitumia Nairobi barua watuletee fimbo.

Kwa Katiba ya 2010 hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti, mafunzo mengi yako mikononi mwa serikali kuu. Basi wamepata mchezo. Ukienda kaunti unaambiwa vyuo si vyao. Ukienda Nairobi unaambiwa wagonjwa si wao. Mtoto wako yuko katikati, ameshika mfupa wa plastiki uliokatika, anauita kwa jina la mfupa mwingine.

Mwajirini profesa. Mwajirini kwa mkataba wa miaka, si wa saa. Mpeni maabara yenye maji na mifupa ya kutosha, na mlipeni mwisho wa mwezi kama mnavyolipana nyinyi. Fedha zikiwa chache, vyuo viwili au vitatu vishirikiane naye. Kutoka Kilifi hadi Malindi ni mwendo wa saa moja na ushei, na gari la kumpeleka lipo, kwa sababu magari ya kuwapeleka wakubwa kwenye warsha Diani hayajawahi kukosekana.

Nawe mzazi, usinikunjie uso. Unaweza kusimama kanisani au msikitini ukachangisha basi la harusi. Unaweza kusafiri hadi Mombasa kumfuata aliyekudhulumu kiwanja. Kwenye chuo cha mwanao unaingia kama mwizi, umeshika risiti mbele kama ngao, unamwita karani "mheshimiwa", unatoka. Nani alikwambia ulipe tu? Unapopeleka mashua kwa fundi unasimama juu ya kichwa chake hadi msumari wa mwisho. Mtoto umemwacha kwa nani?

Na usidhani yatamkuta mwingine. Mgonjwa wa kesho ni wewe. Presha unayo. Sukari unayo au inakuja. Utalazwa kwenye hospitali hizi hizi, utafungua macho usiku wa manane, na anayekuangalia atakuwa amefundishwa au hakufundishwa. Wakati huo hutaweza kumuuliza.

Muulize sasa. Siku ya kupokea wanafunzi, ukishalipa, usigeuke kutafuta bodaboda. Panda hadi ofisi ya mkuu wa chuo, wewe na wazazi wengine ishirini, muwe wapole, mkae. Mwambieni mnataka mambo matatu kwa maandishi: anayefundisha anatomia na fiziolojia ni nani, amesomea nini, na mkataba wake unaisha lini. Akiwaambia mrudi wiki ijayo, mwambieni mtangoja hapo hapo.